Msafara wa Baiskeli Uliosimama Kunywa Mtori

Niliondoka Morogoro kwa sababu sikuamini kwamba kuendesha baiskeli ni kazi. Kwetu baiskeli ni chombo cha kubebea kitu kingine: gunia la mkaa, mkungu wa ndizi kutoka Matombo, mgonjwa ambaye hajazidiwa sana. Mtu anayeendesha baiskeli tupu, kwa kasi, jasho likimtoka, halafu anarudi palepale alipoanzia, huyo ama amesahau kitu ama anakimbizwa. Kwa hiyo rafiki yangu Aikande aliponipigia simu kuniambia kwamba ameacha uhasibu ili aendeshe baiskeli kwa mshahara, nilimwuliza maswali mfululizo mpaka salio lake likaisha.

Aikande tulikaa naye chumba kimoja chuoni miaka mitatu, yeye akisoma uhasibu, mimi sosholojia. Ni binti wa Machame, mwembamba, mkimya, na hakuna mtu niliyewahi kumwona akipanda ngazi za bweni kwa furaha isipokuwa yeye. Siku ya pili alipiga tena, akiwa na salio jipya, na safari hii aliongea yeye. Msimu una mashindano matatu, ya wanaume na ya wanawake, yote kuzunguka Moshi: la kwanza Chekereni, la pili Sanya Juu, la mwisho kupanda Machame. Wanawake wawili watakaokuwa juu ya jedwali mwisho wa msimu watachukuliwa na timu moja ya Ulaya. Baba yake, mwalimu mstaafu, amempa msimu huu mmoja tu. Asipochukuliwa anarudi kwenye uhasibu, na baiskeli inatundikwa stoo pamoja na majembe.

"Sasa timu yetu haina mtu wa kugawa chupa barabarani," akasema. "Na wewe huna kazi."

"Nina kazi ya kutafuta kazi."

"Njoo uitafutie huku."

Mama aliniuliza ninakwenda kufanya nini Moshi. Nikamwambia ninakwenda kugawa maji kwa watu wanaoendesha baiskeli. Akauliza kama hicho ndicho kilichoandikwa kwenye cheti changu.

Saa kumi na mbili asubuhi basi letu liliondoka stendi ya Msamvu. Tulipita Chalinze, tukapita Segera, tukapita mashamba ya katani ya Korogwe yaliyojipanga kama wanafunzi gwaride, na tulipovuka Same mama aliyekaa jirani yangu akaanza kunionyesha mlima.

"Ule pale."

"Wapi?"

"Pale, mbele."

"Mama, mimi naona mawingu."

"Ndiyo. Uko nyuma yake."

"Umejuaje kwamba uko?"

"Nimezaliwa chini yake," akasema, akaendelea kula mahindi yake. Hoja hiyo haikuniridhisha. Kwa siku nne za mwanzo nilikaa Moshi bila kuuona huo mlima, nikaanza kuwa na nadharia yangu kuhusu biashara ya utalii. Siku ya tano alfajiri nilitoka uani kupiga mswaki, nikakuta umesimama juu ya paa la jirani na theluji yake, mkubwa kupita adabu. Nilirudi ndani, sikumwambia mtu.

Nyumba ya timu ilikuwa Rau, karibu na msitu, ina vyumba vitano na baiskeli nyingi kuliko vitanda. Mwenye amri pale alikuwa Kocha Materu, mtu mfupi, fundi baiskeli wa zamani, asiyevua filimbi shingoni hata akiwa mezani. Siku ya kwanza alinikalisha kwenye ndoo iliyofunikwa akanieleza mchezo. Hakuna anayekimbia peke yake, alisema. Anayekwenda mbele anakata upepo, walio nyuma wanapumzika mgongoni kwake. Kwa hiyo wanapokezana: huyu anakata kidogo, anarudi nyuma, mwingine anashika.

"Hata kama ni wapinzani?"

"Hata kama ni wapinzani."

"Kwa nini mtu amkatie upepo mtu anayetaka kumshinda?"

"Kwa sababu peke yake atachoka, na kundi litamkamata."

"Na kwa nini wote wasikae nyuma?"

"Wakikaa nyuma wote," akasema, "nyuma ya nani?" Kisha akaenda kumwambia Aikande kwamba ameletewa mtu wa tume ya uchunguzi. Kuanzia siku hiyo nyumba nzima iliniita Mama Kwa Nini.

Aliyenipokea vizuri zaidi ni Baraka, tegemeo la upande wa wanaume. Baraka ni Msukuma wa Shinyanga, ana mapaja kama magogo na roho ya mtoto. Kwenye barabara iliyonyooka hakuna aliyemweza. Kwenye kilima hakuna aliyemngoja. "Mimi na vilima tunaheshimiana," aliniambia akimenya ndizi ya nne. "Vyenyewe vinakaa kwao, mimi nakaa kwetu." Nilimwuliza kwa nini basi alikuja kutafuta kazi chini ya mlima mrefu kuliko yote Afrika. Akasema swali hilo mama yake pia ameliuliza.

Chekereni tulishuka wiki ya pili. Huko chini ni tambarare, majaruba ya mpunga pande zote, mifereji ya maji kandokando ya barabara, na joto linalokaa mabegani kama mzigo. Wanaume walianza asubuhi, na Baraka akashinda kwa kuchomoka mita mia mbili za mwisho kama ng'ombe aliyeona zizi. Halafu wakaja wanawake, na pamoja nao kazi yangu ya kwanza.

Kazi yenyewe ni kusimama kando ya barabara umeshika mfuko wa kitambaa wenye chakula, umeunyoosha, na mwendesha baiskeli anaunyakua akipita. Mimi nimefundishwa tangu utotoni kwamba kitu hutolewa kwa mkono wa kulia, na hukiachii mpaka umeona mpokeaji amekishika sawasawa. Aikande alikuja kwa mwendo wa pikipiki, akaushika sawasawa. Mimi nikahakikisha. Kwa kitambo kidogo tulikuwa tumeshika mfuko mmoja watu wawili, kisha yeye akaendelea na mfuko, mimi nikaingia kwenye mfereji.

Wanawake waliokuwa wakipalilia mpunga waliinua vichwa.

"Dada, umekuja kuoga?" mmoja akauliza.

"Nimeanguka."

"Tumeona. Tunauliza kama ndiyo kazi uliyoajiriwa."

Aikande alimaliza wa nne, na hakunilaumu. Alisema tu kwamba alihisi kama amefunga breki. Mshindi alikuwa Sharon, Mkenya wa Eldoret, mrefu, mcheshi, anayeendesha huku akiongea. Wa pili alikuwa Jesca wa timu ya Arusha, ambaye haongei kabisa na ambaye saa yake ya mkononi huitazama kama mtu anayengoja majibu ya hospitali.

Sanya Juu ilifuata baada ya wiki tatu. Ilikuwa siku ya soko, na upepo wa upande ule hauna huruma. Unatoka nyikani, unapita juu ya mashamba ya mahindi na kumkuta mtu ubavuni. Safari hii nilikuwa nimejifunza kuachia. Niliachia mapema mno, mfuko ukaangukia kwenye kapu la mama muuza nyanya, lakini Aikande hakuuhitaji. Alijificha mgongoni kwa Sharon njia nzima akamaliza wa pili. Jesca akawa wa tatu.

Baraka siku hiyo aliachwa na kundi kwenye mwinuko ambao mimi sikuuona kama mwinuko. Akiwa peke yake, akihema, alifikiwa na mzee mmoja mwenye baiskeli ya kawaida, kabichi zimepangwa nyuma mpaka juu ya kichwa chake, anakwenda sokoni.

"Shikamoo," Baraka akasema.

"Marahaba. Umetoka mbali, kijana?"

"Boma Ng'ombe."

"Pole," mzee akasema. "Na huna hata mzigo." Akampita.

Jioni ile Kocha alibandika jedwali ukutani. Sharon alikuwa juu kiasi kwamba hakuna wa kumfikia. Chini yake Jesca, chini ya Jesca ni Aikande, na kati ya hao wawili pengo lilikuwa dogo hivi kwamba hesabu ikawa nyepesi hata kwa mtu wa sosholojia: Machame, kati ya Jesca na Aikande, atakayemtangulia mwenzake ndiye atakayekwenda Ulaya. Aikande alilitazama lile jedwali, akaenda kuosha baiskeli iliyokuwa imeshaoshwa.

Jumapili iliyofuata, wiki mbili kabla ya shindano la mwisho, alinipeleka kwao. Barabara ya Machame inapanda tangu njia panda na haiachi kupanda. Migomba na kahawa vinakuja mpaka ukingoni mwa lami, nyumba zinajificha ndani, na maji ya mifereji unayasikia kabla hujayaona. Kanisani ibada ilikuwa haijaisha, nikangoja nje. Watu walipotoka kukawa na mnada wa vitu vilivyoletwa kama sadaka: ndizi, mayai, jogoo mmoja mwekundu. Nilinyoosha mkono ili niulize kwa nini hawapangi bei moja kwa moja. Mzee wa mnada akapiga kofi, umati ukashangilia, nikakabidhiwa jogoo.

Baba yake Aikande, Mzee Eliamani, ni mtu aliyenyooka kama rula ya ubaoni. Ni mzee wa kanisa, na alinipokea nikiwa na jogoo wa kanisa mkononi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwenye maswali?"

"Ndiyo."

"Mimi nina moja tu. Huu mchezo una adabu gani?"

Alieleza taratibu tukila nyumbani kwake, huku bibi yake Aikande, mama mzazi wa mzee huyo, amekaa pembeni akituangalia na fimbo yake magotini. Mzee alisema amemwona binti yake mara mbili akipita na baiskeli barabarani. Alipita mbele ya wazee amewapa mgongo, makalio juu, hasalimii mtu. Majirani wamemwuliza kama binti yake amewakasirikia. "Nimemsomesha," akasema. "Sijui niseme nini."

Aikande alitazama sahani yake. Nikaona rafiki yangu anazama, na kama kawaida yangu nikawa na la kusema. Nilisema kwamba huko Ulaya mchezo huu una desturi moja nzuri sana, niliisoma mtandaoni. Msafara ukikaribia kijiji cha mmoja wao, wenzake humwachia atangulie mbele, asimame, asalimie nyumbani, na hakuna anayemkimbia. Wanamngoja. Akirudi kundini, ndipo mashindano yanaendelea.

Mzee Eliamani aliweka kijiko chini. "Hata wapinzani wanamngoja?"

"Hata wapinzani."

"Basi nao ni watu," akasema, na kwa mara ya kwanza akamtazama Aikande kama anayetazama mtu mwenye kazi. Bibi akauliza kimeongelewa nini, akaelezwa kwa Kichagga, akanigonga goti kwa kiganja. "Aika, mae," akasema, yaani asante, mama. Nilijisikia nimefanya jambo la maana. Njiani kurudi Rau jogoo alininyea begani, na hata hilo halikuniharibia siku.

Ijumaa, siku moja kabla ya shindano, kulikuwa na mkutano wa timu zote mjini. Kocha Materu alisimama akaomba desturi ile iheshimiwe, kwa kuwa barabara inapita mlangoni kwa kina Aikande, kilomita nne kabla ya kumaliza. Sharon, ambaye hakuwa na cha kupoteza, akasema aende akasalimie, kwani nini. Jesca alifikiri. "Dakika moja," akasema. "Na asitumie nafasi hiyo kutukimbia." Aikande akaahidi mbele ya wote. Mimi ndiye niliyekuwa nimeketi nyuma nikitabasamu.

Jumamosi asubuhi Kocha alinishusha nyumbani kwa Mzee Eliamani nikiwa na chupa zangu, kisha akashuka kulifuata kundi. Niligeuka kutazama mahali pa kusimama, nikaona turubai.

Chini ya turubai kulikuwa na viti vya plastiki si chini ya mia. Kulikuwa na kwaya, imevaa sare ya zambarau. Kulikuwa na sufuria tatu za ukubwa ambao kwetu unaonekana kwenye harusi tu, na akina mama wakikoroga mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama ambao huku hupewa mzazi aliyetoka kujifungua na mtu yeyote anayeonekana kuuhitaji. Magari yameegeshwa pande zote mbili za barabara. Bibi alikuwa amekaa mbele kabisa kwenye kiti cha mbao, amevaa kitenge kipya, kikombe cha bati mkononi.

"Baba," nikamwambia Mzee Eliamani, aliyekuwa na suti, "hii ni nini?"

"Nilitangaza kanisani. Binti yetu anapita kusalimia."

"Anasimama dakika moja tu."

Mzee alinitazama kwa upole, kama nimekosea hesabu ya kujumlisha. "Mtu anamsalimia bibi yake kwa dakika moja?"

Hapo hapo wanaume wakaanza kupita. Kundi la mbele lilikatiza kimya, meno nje, na mama mmoja akasema wale wana shida nyumbani kwao. Baada yao wakaja wachache wachache. Kisha barabara ikawa tupu kwa muda mrefu, halafu kwenye kona akatokea Baraka, peke yake, akienda mwendo ambao kipepeo alimpita nikiona. Akina mama waliona jezi yake ni sawa na ya Aikande kwenye picha, wakajiridhisha kuhusu jambo ambalo hakuna aliyewauliza.

"Huyo ndiye mkwe," mmoja akasema, na wanne wakamfuata barabarani.

"Kaa, mbe," wakamwambia, ndiyo kusema bwana. "Kula."

"Mama, niko kwenye mashindano."

"Na hao wengine wameshapita. Unashindana na nani?"

Baraka alinitazama. Alitazama kilima. Akashuka.

Saa nne na nusu kelele zikapanda kutoka chini, Aikande akatokea amewatangulia wenzake kama mita mia mbili. Aliona turubai, nikaona uso wake ukibadilika, kisha akanitafuta kwa macho mpaka akanipata. Sijawahi kutazamwa hivyo. Lakini alishuka, akaegemeza baiskeli kwenye mgomba, akaanza. Shikamoo Baba. Shikamoo Mama. Shikamoo shangazi, shikamoo mjomba, shikamoo mchungaji, shikamoo mama mwenye kioski. Alikuwa akihema kati ya shikamoo na shikamoo. Alipofika kwa Bibi, Bibi akamshika mkono, akamkalisha na kumpa kikombe.

"Bibi, ni cha moto."

"Pulizia."

Mzee Eliamani akaomba watu wasimame kwa ajili ya sala. Alianza kwa kumshukuru Mungu kwa mvua za mwaka uliopita.

Ndipo kundi likafika: Sharon, Jesca na wengine watano, wakienda polepole kama walivyoahidi, na gari la Kocha nyuma yao. Nilidhani watapita taratibu wakamngoje mbele. Sikuwa nimewafikiria akina mama wa Machame. Kwao jambo lilikuwa rahisi: hawa ni wageni, wanapita mlangoni, na chakula kimeiva. Shangazi mmoja aliingia barabarani na sinia la vikombe. Kwaya nzima ikamfuata, ikiimba, ikajaza lami kutoka ukingo mpaka ukingo.

Sharon alifunga breki. "Sasa mimi nitamkataa mama kweli?" akasema, akashuka, akapokea kwa mikono miwili. Wengine wakashuka mmoja mmoja. Nyuma yao mwamuzi mkuu, aliyekuwa juu ya pikipiki, naye alipewa sahani kabla hajapata nafasi ya kupiga filimbi.

Jesca hakushuka. Alisimama na mguu mmoja chini, akitazama saa yake. Alitazama kwaya, sufuria, magari yaliyoziba njia, baba mtu akiomba macho yamefumbwa. Dakika moja aliyoahidi aliitoa yote, hilo niseme. Ilipokwisha alipita kando, kwenye nyasi, kati ya mfereji na migomba, akatokea upande wa pili wa kwaya na kuanza kupanda kwa nguvu zote.

Mzee Eliamani alikuwa amefika kwenye kuwaombea wasafiri. Nikamsogelea. Sijawahi kumkatiza mtu anayesali, na simshauri mtu.

"Baba. Mmoja ameondoka."

Alifumbua jicho moja. "Mbona wenzake wamesimama?"

"Yeye ndiye anayegombea nafasi na Aikande. Akifika wa kwanza kati yao, Aikande hana timu. Msimu umeisha."

Hapo nilimwona akifikiri. Siku ile alikuwa na kila alichotaka: binti kasalimia, majirani wameona, heshima imerudi. Kama angeendelea kusali kwa kasi yake ya kawaida, Jumatatu binti angekuwa amerudi kwenye uhasibu, na hakuna ambaye angemlaumu mtu kwa sala ndefu. Alikuwa katikati ya sentensi. Nakumbuka maneno yake: "na uwafikishe salama wote walio..."

"Amina," akasema.

Watu waliinua vichwa, hawajui sala imefika wapi. "Aikande," akasema kwa sauti ya darasani, "simama uende."

"Bibi hajaniachia," Aikande akasema. Na kweli, mkono wake ulikuwa bado umeshikwa.

"Kikombe kiko nusu," Bibi akasema.

Aikande alikimeza chote, cha moto vile kilivyo, machozi yakamtoka, Bibi akageuza kikombe kuhakikisha, akamwachia. Akapanda baiskeli. Sharon alikuwa tayari ameshapanda yake, anafuta midomo kwa glavu. "Kaa nyuma yangu," akamwambia.

"Wewe huna haja ya kukimbia, umeshashinda msimu."

"Nimekula kwenu," Sharon akasema. "Kaa nyuma."

Wakaondoka, na wale watano pamoja nao, kwaya ikipisha huku ikiimba ubeti uleule, kwa kuwa hakuna aliyeiambia iendelee. Gari la Kocha lilikuwa limezibwa na magari ya waumini. Kocha alitoka akapuliza filimbi mpaka mishipa ikasimama, ikawa kazi bure. Mzee Eliamani alinishika mkono, tukakimbia mpaka kwenye pikapu ya kukusanyia maziwa iliyokuwa mbele ya turubai, tukapanda nyuma kati ya makopo, yeye na suti yake.

Tukiwa nyuma yao niliuona mchezo kwa macho yangu. Jesca alikuwa mbele, peke yake, akikata upepo wote wa mlima. Nyuma yake watu saba waliotoka kula sufuria moja walikuwa wakipokezana, huyu anakata kidogo, anarudi nyuma, mwingine anashika. Hakuna aliyewapanga. Wale watano walikuwa wa timu nyingine kabisa, mmoja wao wa timu ya Jesca mwenyewe, ambaye baadaye alisema tumbo lake lilikuwa zito na aibu yake pia. Pengo likapungua kila kona.

"Wanamsaidia," Mzee akasema, ameshika kopo la maziwa kwa mikono miwili.

"Ndiyo, Baba."

"Kwa sababu ya mtori?"

Nilikuwa na maelezo ya kisosholojia. "Ndiyo," nikasema.

Walimkamata mita mia tano kabla ya mstari. Sharon alijiweka kando, na wakabaki Aikande na Jesca bega kwa bega, wote wamesimama juu ya pedeli, na mtu yeyote asikwambie kwamba hiyo si kazi. Aikande alipita mbele kwa upana wa gurudumu. Mzee Eliamani alikuwa amefumba macho, nikalazimika kumweleza.

Timu ya Arusha ilikata rufaa papo hapo: waendesha baiskeli wamepokea chakula kutoka kwa watu wasiohusika. Mwamuzi mkuu akauliza kwa ukali ni nani waliopokea. Sharon akanyoosha mkono. Wengine sita wakanyoosha. Kocha, aliyefika kwa bodaboda, akamwonyesha mwamuzi mabaki ya ndizi kwenye shati la mwamuzi mwenyewe, na suala likakosa mtu wa kulisikiliza.

Jesca alikuwa amekaa kwenye nyasi, kichwa kati ya magoti. Nilikwenda kumpa pole, na maji. "Niliona kwaya nikadhani ni mtego," akasema. Hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliyowahi kumsikia akiyasema. Kisha akauliza kama ule mtori umebaki. Tulimpakia kwenye pikapu ya maziwa tukashuka naye. Tulimkuta Baraka bado chini ya turubai, kwenye sahani ya tatu, akiulizwa na wazee kuhusu ng'ombe wa kwao na akijibu vizuri. Mchungaji alikuwa ameanza kupata picha ya harusi. Aikande alipofika, ilimchukua dakika kumi kuwaeleza watu kwamba hakuna harusi, na wengine hawakuridhika mpaka naondoka.

Siku ya Jumatatu nilifunga begi langu Rau. Usiniulize kama nilirudi kuisoma tena ile habari ya mtandaoni. Niliisoma. Desturi ipo kweli. Ila hufanyika siku nyepesi, zile ambazo hakuna kinachogombewa, na chini kabisa, kwa herufi ndogo nilizoziruka, wameandika kwamba kamwe haifanyiki kwenye kilima cha mwisho. Miezi miwili nilihoji upepo, mlima, mnada na kazi za watu, na kitu pekee ambacho sikukihoji ni kile nilichokisema mwenyewe. Nilimweleza Kocha. Alicheka mpaka filimbi ikalia yenyewe.

Kesho yake saa moja asubuhi Mzee Eliamani alikuja stendi ya Moshi kunisindikiza, akiwa na mkungu wa ndizi kwa ajili ya mama yangu. Alihakikisha umewekwa vizuri chini ya basi, akafuta mikono kwa leso, akasimama dirishani kwangu.

"Nina swali," akasema.

"Karibu, Baba."

"Huko Ulaya, wakipita kijiji ambacho si kwao yeyote kati yao, nani anawapikia?"

"Sijui," nikasema.

Alingoja kidogo, kama mwalimu anayempa mwanafunzi nafasi ya pili. Dereva akawasha basi.

"Basi ulizia, mwanangu," akasema. "Binti yangu anaondoka mwezi ujao."